Malalamiko Kuhusu Sikio la Bu Ok-cha

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Seogwipo, Jeju.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, na mashine zako pia. Mimi ni Hyeon Mal-sun, mmoja wa wanawake wanaozamia konokono wa baharini kwa pumzi zao wenyewe. Nina malalamiko yafuatayo.

1. Nililetwa kwenu na maumivu ya kichwa ya kuzamia mno. Daktari wenu kijana akanieleza kwa adabu: "Bibi, chumba cha haipabariki maana yake ni chumba chenye hewa iliyogandamizwa kupita kawaida. Ukivuta oksijeni safi humo chumbani, mapovu ya gesi uliyopanda nayo kutoka baharini yanasinyaa." Kichwa kikapona. Hapo sina neno, ingawa ni ajabu mtu augue kwa kuzama, kisha dawa yake iwe kuzamishwa tena, akiwa kitini na soksi miguuni.

2. Mliniweka humo pamoja na jirani na mzamiaji mwenzangu, Bu Ok-cha. Sikio lake la kushoto liliharibiwa na bahari zamani. La kulia lilizima ghafla juzijuzi akikatakata figili. Sisi wazamiaji wenzake tulisikitika sana. Ila kwa kuwa hasikii, tukapata nafasi ya kumsema mbele yake bila kumvunjia heshima. Banda letu la kuotea moto tukitoka baharini halijawahi kuwa na raha kama ile!

3. Hakuna aliyeniambia kwamba chumba hicho kinatibu na uziwi wa ghafla. Nilidhani ni mapovu tu, na vidonda sugu kama cha mzee Moon Ki-taek mwenye kisukari, aliyekaa katikati yetu na mguu wake. Basi tulipoambiwa tuvue barakoa za oksijeni tupumzike, nikamsimulia mzee Moon habari za supu ya mwani ya Ok-cha, ambayo mkwewe humpa paka, na paka akahama nyumba. Mzee akacheka mpaka machozi. Nikatua nivute pumzi. Ok-cha, macho kayafumba, akasema:

"Endelea, Mal-sun. Paka akahamia wapi?"

4. Mlango wenu! Nilibonyeza kengele. Muuguzi akajibu kwenye kipaza sauti, "Haufunguki, Bibi, mpaka tushushe mgandamizo polepole. Mtaumia."

"Mwanangu, huku ndani naumia tayari!"

"Meza mate, Bibi."

Nikameza. Ok-cha akanirudishia kila neno nililosema tangu sikio lianze kufunguka, tena kwa sauti yangu.

5. Kwa hiyo naomba kwa heshima mumrudishie uziwi wake. Ikishindikana, nipeni mimi. Ikishindikana na hilo, wanakijiji wote waingizwe humo na mlango ufungwe, kila mtu asikie yake.

Wasalimie madaktari, wauguzi, fundi wa mashine na mguu wa mzee Moon.

Wako mtiifu, mwenye aibu,
Hyeon Mal-sun

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, jana kamba ya boya langu ilininasa mguu kwenye mwamba. Nikaita mara moja, kisauti cha kifaranga, kisha wimbi likanifunika. Wenzangu wenye masikio mazima walikuwa karibu, hakuna aliyegeuka. Ok-cha aligeuka. Alinikokota mpaka kwenye mawe huku akinigombeza njia nzima, nami natapika maji na kucheka. Mheshimiwa, futa namba zote hapo juu. Alipofika pwani alikaa chini, akalia, akanipiga kofi la mgongo na kusema: "Mwehu wewe! Ukifa, nani atanisema?"