Kaburi la Baba Chini ya Mkuyu

Ndugu zangu mlioko Tanga, leo nimejivua nguo mbele ya mji mzima wa Singida. Nawaandikia upesi kabla dereva wa lori la vitunguu hajawafikishia habari hii na chumvi yake.

Mnaukumbuka mkuyu wa njia panda ya soko, ninapotengenezea baiskeli. Hapo ndipo baba alipopandishwa lori kwenda vita ya Burma, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Hakurudi. Hata barua haikuja. Tangu hapo mama akishuka sokoni kutoka Unyambwa, husimama pale na kuusalimia mti kabla hajasalimia mtu.

Juma lililopita wapimaji wa barabara mpya wakapigilia vigingi mpaka shinani. Nikajua wataukata. Nilishaona kule Mgori njia ikipinda kwa ajili ya kaburi, basi nikamfuata mkubwa wao, mtu mpole wa Morogoro, nikamwambia bila kupepesa macho, "Ndugu mpima, baba yangu amezikwa chini ya mti huu."

Akavua kofia. Akaandika. Nikarudi kwenye spoku zangu nikijiona nina akili kuliko serikali. (Na tuseme kweli, kivuli kile ndicho ofisi yangu.)

Leo asubuhi nafika na spana zangu, nakuta watu sita wenye sururu, bwana afya na chupa ya dawa, na sanduku jipya la mbao.

"Pole, ndugu," mpima akasema. "Tumekuja kumhamisha mzee. Sanduku ni la serikali. Alilazwa upande gani?"

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo. Mimi nikanyoosha kidole penye mizizi minene kuliko yote, nikidhani watachoka.

Hawakuchoka. Walipofika kwenye mizizi waliomba mashoka. Soko likahamia pale, wauza kuku na kuku wao. Shimo likafika kiunoni, likafika kifuani.

"Mlimzika kina gani?" akauliza bwana afya.

"Wazee wa zamani walichimba sana," nikajibu. (Hata mimi sijui nilitoa wapi.)

Kumbe kuna mtu mwema aliyepanda baiskeli, tena niliyomzibia pancha mimi mwenyewe, akapeleka habari Unyambwa. Nikasikia vilio vinatoka njia ya kule. Nikageuka. Mama yangu, na shangazi zangu wawili nyuma yake. Kifuani amekumbatia kitambaa cheupe cha sanda, kipya, bado kimekunjwa vile kilivyotoka dukani.

Jamani, pale nilitamani ardhi ipasuke, na ilikuwa imeshapasuliwa.

Akaketi ukingoni mwa shimo. Hakunitazama. Akamuuliza mpima, "Mmempata?"

"Bado, mama."

"Chimbeni taratibu. Ana pengo la jino hapa mbele. Mtamjua." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, ulijua baba yako yuko hapa, ukaninyamazia miaka yote hii?"

Watu wote wakanigeukia. Hata kuku.

"Mama, hayupo," nikasema. "Nilidanganya. Nilitaka mti usikatwe."

"Yuko wapi?"

"Sijui, mama."

Mtani wangu mmoja, Msukuma, alikuwa ndani ya shimo na sururu yake. Akapangusa jasho, akasema, "Basi sanduku la serikali lisirudi tupu. Ingia wewe." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama hakucheka.

Mpima naye hakucheka. Akanionyesha karatasi yake. "Ndugu, mti huu tuliuandika ubaki tangu siku ya kwanza. Ni wa kumbukumbu. Vigingi vile ni vya mahali barabara inapoanza kupinda. Kaburi ndilo lisingeweza kuachwa kandokando ya barabara." Akatazama mizizi iliyokatwa. "Sasa hauna pa kushikia. Upepo ukija utaangukia watu."

Saa nane wakafunga kamba. Saa tisa mkuyu ulikuwa chini, na jua likatupiga sote utosini mahali ambapo halijawahi kufika.

Mama akasimama akajikung'uta vumbi. "Nilikuwa nausalimia mti kwa sababu sikuwa na kaburi," akamwambia mpima. "Mti umekwisha. Sanduku mlileta la mume wangu. Nipeni."

Akachukua kipande cha mzizi, urefu wa mkono, akakizungushia sanda yote. Akakilaza sandukuni mwenyewe. Tukalibeba mpaka Unyambwa, mimi mbele, mtani nyuma, mpima pembeni na kofia yake mkononi. Kaburi nimelichimba mimi peke yangu. Mama alikataa nisaidiwe hata jembe moja, na mtani akawa anapima kina kila baada ya muda, akisema wazee wa zamani walichimba sana.

Nimetoka kunyolewa sasa hivi, upara mtupu, kama mfiwa yeyote. Mama ameniambia mahali pa kupanda mche wa mkuyu, na nani ataumwagilia mpaka afe.

Mkija likizo msianze na kicheko. Anzeni na pole, maana baba yangu amezikwa leo.