Kimbunga Changu Kimeachwa Nje ya Orodha Yenu

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni fundi wa kuezeka mabati na msomaji wenu wa siku nyingi. Jumapili mlichapisha orodha ya majanga ya hali ya hewa yaliyoangamiza zaidi katika historia. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya mke wangu. Kimbunga kilichong'oa paa langu Jumanne iliyotangulia hakimo! Imeniuma sana, kwa sababu zifuatazo:

1. Vimbunga vyenu vilipiga kila nyumba bila ubaguzi. Changu kilichagua. Kiliruka paa la jirani, kikaruka banda lake la kuku, kikamwachia hata soksi kwenye kamba, kikaja kwangu moja kwa moja. Hiyo si hali ya hewa tena, Mhariri, ni chuki.

2. Mabati yangu yalitua uwanjani mwa shule, mbele ya mama mwenye shule, aliyekuwa ameniahidi kazi ya kuezeka madarasa yote. Sasa anasitasita. Mtaani wameanza na ile ya mganga hajigangi, na shemeji yangu ananiita Fundi Angani.

3. Mnapima majanga kwa kasi ya upepo. Kwa nini hampimi kwa aibu? Waliofikwa na mafuriko nawahurumia kwa dhati, lakini wao walipewa pole na dunia nzima. Mimi nimechekwa hata na mama mkwe, naye alikuwa ndani.

Sidai nafasi ya kwanza. Niwekeni hata mwisho, chini ya ukame, ili nikate kipande hicho nimpelekee mama mwenye shule kabla hajamwita fundi mwingine. Nina watoto, Mhariri, na wanalowa.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na yule mwandishi wa utabiri aliyeandika kwamba Jumanne kungekuwa shwari. Sina kinyongo naye.

Wako mtiifu, chini ya anga,
Fundi wa Mabati

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mama mwenye shule amekuja kujionea. Mke wangu amemkaribisha ndani, akafunga mlango taratibu tu, na bati la mwisho lililosalia likateremka miguuni pa mgeni. Nje hata jani halikutikisika. Mama ameliokota, akaligeuza huku na huku akitafuta tundu la msumari, asilione hata moja. Ameaga kwa heshima.

Basi barua hii msiichape. Chapeni tangazo dogo tu: fundi mzoefu anatafuta kazi. Ikiwezekana, ya kuchimba visima.