Mama Hataki Kuzikwa

Leo, ndugu zangu, nimejiaibisha mbele ya watu wa Thika, na afadhali mlisikie kwangu kabla halijafika huko Ruiru kwa midomo mingine.

Mnajua tulimzika Mama wiki mbili zilizopita. Tangu siku hiyo Wanjiru wangu, mwenye miaka minne, amekuwa mtoto mwingine. Ananuna. Uji ukiwa moto analia, ukipoa analia. Mgeni akija kutupa pole, anajificha chini ya kitanda. Jumapili alimuuma mzee wa kanisa kidole.

Nikasema ni minyoo. (Niliishia darasa la nne, lakini kwa minyoo hujiona daktari.) Nikamnywesha mafuta ya mbono. Mara mbili.

Leo nimeomba pasi ya ruhusa kazini, nikambeba mpaka zahanati. Foleni ilifika nje. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, akauliza shida, nami nikaeleza kwa sauti, ili aone nimesoma: mtoto ana minyoo yenye hasira, tena tuna msiba, tumemzika Mama juzijuzi. Kisha nikamgeukia Wanjiru. "Mama, fungua mdomo."

Akafunga meno. Dresa akachuchumaa, akamuuliza nani amemkasirisha. Akaninyooshea kidole.

"Baba anaambia watu Mama amekufa, wamemweka kwa shimo. Mama ni mimi. Sitaki shimo."

Mwanamke mmoja mwenye kiondo akauliza, "Kwani huyu ana jina la nani?"

Nikasema, la mama yangu. Mnajua desturi yetu: binti mwenye jina la mama yako, naye unamwita Mama. Tangu azaliwe, nikisema Mama, yeye ndiye huitika. Marehemu, yeye mtoto alimwita Shosho, yaani nyanya, na hakuna aliyemwambia kwamba Shosho ndiye aliyekufa. Wiki mbili mtoto amengoja kuzikwa, nami namwongezea mafuta ya mbono.

Walicheka mpaka wenye kikohozi wakashikwa upya. Nami nikacheka, halafu nikajikuta nalia, na sijui ni kwa Mama yupi.

Njiani nilimwambia ukweli. Alimlilia Shosho hadi nyumbani, kisha akaomba uji.

Kwa hiyo mkija kunipa pole, semeni Shosho. Anayetaka kucheka, acheke akiwa nje. Huku ndani kuna Mama, na meno yake yote anayo.