Nimekunywa Dawa ya Viluwiluwi, Nikagawa Jogoo

Leo nimeaibika, wanangu. Afadhali mnisikie mimi kabla mtaa wetu wote wa Mpemba haujawasimulia.

Asubuhi nipo kwenye shimo letu la matofali, nakanyaga udongo. Akaja dada wa afya wa mtaa, bomba mgongoni, anapuliza dawa kwenye maji yaliyotuama.

"Dada, unatuwekea nini humo?"

"Bakteria. Viluwiluwi wa mbu wakiwala, matumbo yanapasuka, wanakufa."

Yanapasuka! Mimi na la saba langu (nililolimaliza kwa mbinde) nikapanda juu ya matofali kuhutubia: "Jamani, bakteria si ndio wanaotuharisha? Leo viluwiluwi, kesho sisi!" Wenzangu wa matofali na majirani wakaanza kuitikia. Nikanogewa. Nikaruka chini nimzibie dada njia, nikakanyaga ukingo wenye utelezi wa yale maji...

Chubwi!

Nikazama mpaka utosi. Naibuka, nimeshameza mafunda ya kutosha. Tumbo hapo hapo likanguruma. (Nilikunywa chai na maharage ya jana, ila nani angekumbuka?)

"Nakufaaa! Linapasuka!" Nikaanza kugawa mali. "Mama Neema, jirani yangu mwema, jogoo wangu chukua wewe!"

Wakanibeba na tope langu. Sele, dereva wa mtaani kwetu, akanipakia kwenye bajaji yake aliyotoka kuiosha, hata hakuguna. Mama Neema akanishikilia tumbo njia nzima, eti lisipasuke, huku anasali. Wanangu, utani pembeni: pale nilijua nina watu.

Tukafika zahanati. Nesi ananipima, mara dada wa afya huyo, na bomba lake.

"Kaka, una mkia?"

"Sina."

"Unaishi majini?"

"Siishi."

"Basi wewe si kiluwiluwi. Hii dawa haimdhuru mtu. Tuombe tu hayo maji machafu yasikuharishe."

Nesi alicheka mpaka akatafuta kiti. Wagonjwa nao wakapata nafuu. Mimi bado nimeshika tumbo kwa mikono miwili!

Jioni nikaenda kwa Mama Neema kumshukuru na (tusifichane) kumrudisha jogoo wangu nyumbani. Nakuta manyoya mlangoni. Sufuria inatokota. Sele na dada wa afya wameshanawa mikono. Nikataka kununa, nikashindwa. Watu hawa wamenibeba kama yai, ningewanunia vipi?

Mama Neema akanisogezea kigoda.

"Karibu, marehemu. Paja tumekuwekea."