Wazee Thelathini na Mmoja Waliozaliwa Siku Moja

Nduguti, Mkalama

Ndugu Meneja,
Kampuni ya Lipwa Papohapo,
Dar es Salaam.

YAH: KUZUIA KAMISHENI YANGU NA KUNIITA TAPELI

Natumaini ofisi haijambo. Mimi ni Anastasia, muuza alizeti. Pia nauza taa za sola za mtandaoni kwa linki yangu. Kila taa, kamisheni shilingi 4,000. Nimeuza 31, yaani 124,000. Ninyi mnaopitisha malipo mmezikalia siku 63, kisha mkaandika kwenye akaunti yangu, kwa rangi nyekundu, "Udanganyifu". Malalamiko ni haya:

1. Mnasema wateja 31, niliowajazia fomu yenu kwa vitambulisho vyao, hawawezi kuwa wamezaliwa wote tarehe 1 Julai. Wamezaliwa. Wakati wa kuandikishwa vitambulisho, mzee asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo. Huku hata mume na mke wanaipata pamoja.

2. Mnasema wote wametumia simu moja. Ni yangu. Wao wana vitochi, simu zisizo na intaneti. Mlitaka wabonyeze linki kwenye jembe?

3. Mmewatumia ujumbe wathibitishe kuwa ni watu halisi. Mzee Chediel kaja nao gulioni, kaniuliza mbele ya watu: mwanangu, hivi mimi ni halisi au siyo? Ikabidi nimwamkie shikamoo mara ya pili ndiyo akatulia.

4. Jumapili kikoba chetu cha kuweka na kukopa kinachagua mhasibu. Daftari nimelishika miaka sita, haijapotea hata mia. Sasa Rahabu, anayekitaka cheo hicho, anatembea na picha ya hilo neno jekundu kwenye simu yake, aliyoipiga nilipomwonyesha, anaonyesha nyumba kwa nyumba.

Kwa kuwa kuaminiana ni pande mbili, wazee wamekaa kikao. Wanataka nanyi mthibitishe kuwa mpo. Meneja aje mwenyewe na barua ya mtendaji wa kata yake, wadhamini wawili wenye mashamba, na tarehe yake ya kuzaliwa. Awaamkie wote 31, mmoja mmoja. Akiitikiwa na 20, tutakuwa tumemwamini kwa asilimia 64 na nusu. Fedha yangu lakini ailete yote.

Nawasalimu wahasibu wenu, mlinzi wa getini, na yule dada wa simu anayeniambia nisubiri.

Wenu katika uaminifu,
Anastasia

Nyongeza: Ile hela msitume kwenye namba yangu, inadaiwa mkopo, itakatwa. Itumeni kwenye namba niliyoandika nyuma ya bahasha. Jina litatokea la mwanaume, msishtuke. Ni mteja wangu mmoja. Laini niliisajili kwa kitambulisho na kidole chake siku ile aliponunua taa, sijapata nafasi ya kumwambia.