Mto Wangu, Paka wa Mke Wangu

Jumatatu, 8 Januari

Theluji. Mji wetu wa Eskişehir wote mweupe. Leo nimeamua: paka lazima atoke kwenye mto wangu.

Niandike mambo yalivyo, haki ijulikane. Mimi ni Vehbi, umri miaka sitini na tatu, mtunza stoo mstaafu wa karakana ya treni. Mto wangu ni wa sufu, nimeulalia miaka kumi na tisa. Katikati una kishimo chenye umbo la kichwa changu hasa. Duman ni paka wa mke wangu, Perihan. Wa kijivu, kilo saba, mashavu kama ya mkuu wa stesheni. Mwezi wa kumi na moja alikigundua kishimo kile. Anaenea humo barabara, utadhani alipimiwa na fundi.

Mimi? Ukingoni mwa kitanda, kichwa juu ya koti lililokunjwa. Kila asubuhi naamka shingo imekaza. Na Jumapili kuna mashindano ya tavla, mchezo wetu wa ubao, kete na dadu, kwenye mkahawa wa Hikmet. Miaka sita mfululizo Fahrettin, jirani yetu wa chini, ananishinda fainali. Mwaka huu hapana! Lakini hakuna mtu aliyewahi kurusha dadu vizuri akiwa na shingo kama mpini wa jembe.

Mbinu ya kwanza: kuwahi. Saa kumi alasiri nikapanda kitandani, kichwa kishimoni. Duman akaja, akanitazama, akaketi sakafuni kungoja. Nikashikilia mpaka saa kumi na moja na nusu. Kisha zile bilauri sita za chai zikadai haki yao. Nilikwenda msalani dakika mbili. Mbili tu!

Nikamshtakia Perihan. Akasema paka kaniachia robo nzima ya kitanda, nataka nini tena.

Jumanne, 9 Januari

Mbinu ya pili. Safi kabisa, hata naona fahari kuiandika. Duman apewe mto wake!

Nikaenda kwa fundi Zeki, mshona mito na magodoro, yule yule aliyeshona wangu. Nikamwambia nataka mwingine kama ule, sufu ile ile, na kishimo kidogo katikati. Akauliza kichwa cha mwenyewe kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono: kama chungwa kubwa. Akaweka sindano chini. Akauliza ni wa nani.

Ningesemaje, wa paka? Fundi Zeki anakunywa chai kwa Hikmet kila siku. Fahrettin angekuwa na habari kabla sijafika nyumbani. Nikasema ni wa mjukuu.

Fundi akanikumbatia. Akasema hongera sana, babu, mto utakuwa tayari kesho, na huo ni zawadi yake kwa mtoto. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kichwa hiki! Karakana walinistaafisha mapema mno.

Jumatano, 10 Januari

Balaa.

Kuna jambo dogo sikulikumbuka: sina mjukuu. Nina binti mmoja, Nalan. Ni mwalimu huko Izmir na hajaolewa.

Asubuhi Perihan alikwenda kununua mkate. Mwuza mkate akampa hongera. Mke wa mwuza nyama akamshika mikono, machozi yakimlengalenga, akamwambia siku hizi mambo haya hutokea hata kwenye familia nzuri, muhimu mtoto awe mzima. Perihan akarudi bila mkate. Hajavua hata koti, simu ikalia. Nalan. Shangazi yake amempigia kumuuliza mtoto anaitwa nani.

Nikakiri yote. Perihan akaketi kwenye kiti cha jikoni, akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia.

"Baba Nalan," akasema, "umemzalisha binti yako kwa ajili ya paka?"

Sikuona cha kuchekesha hapo.

Mto ukaletwa mchana, na utepe wa buluu. Duman akaunusa, akaupa mgongo, akapanda kwenye wangu. Perihan akajilaza kidogo kwenye ule mpya, kujaribu tu. Akasema ni laini ajabu. Basi, ndio umekuwa wake. Nalan amepiga tena jioni, anataka kuongea na babu.

Alhamisi, 11 Januari

Nimesikia kwa Hikmet kwamba paka hawavumilii harufu ya limau. Mbona mtu hakuniambia mapema! Nikarudi mbio, nikatoa yale marashi ya limau tunayowapakia wageni mikononi, nikamimina nusu chupa juu ya foronya. Duman akaingia. Akapiga chafya mara tatu. Akatoka bila kugeuka nyuma.

Ushindi!

Nikalaza kichwa, nipate usingizi wa mchana kama binadamu. Macho yakawaka moto. Machozi. Kamasi. Nikavumilia kiume, robo saa nzima, halafu nikahamia kochini. Hapo nikalala, kumbe vibaya. Nimeamka shingo imegeukia kulia na hairudi. Perihan akanikanda kwa mafuta. Haikurudi. Akasema angalau nikimsalimia mwuza nyama sitamwona mkewe, maana yeye hukaa kushoto.

Kufikia magharibi harufu ilikuwa imeisha. Duman yuko kishimoni. Ananukia vizuri.

Ijumaa, 12 Januari

Shingo bado. Nikitaka kumtazama mtu wa kushoto nageuka mwili mzima, kama lori kwenye kichochoro.

Perihan amekwenda Kütahya kumwangalia dada yake, ambaye ana mafua makali. Atarudi Jumapili. Ameniachia maagizo mawili: nisimsumbue Duman, na samaki walio kwenye jokofu ni wa Duman, si wangu.

Basi lake lilipoondoka tu, akili ikafunguka. Fahrettin! Ni mgane, anaishi peke yake, na kila siku analalamika mgongo. Nikimpa Duman siku mbili, atalala ukingoni mwa kitanda juu ya koti. Jumapili atakuja kwenye mashindano macho mekundu, shingo mbao. Mimi nitakuwa nimelala kwenye mto wangu. Mpango mmoja, faida pande zote.

Nikashuka.

"Jirani, mgongo vipi?"

Akasema kama kawaida, kama mtu anapigilia misumari.

Nikamweleza kwamba dawa ya mgongo ni paka mzito. Joto lake linapenya mpaka mfupani. "Kilo saba za joto, ndugu yangu. Mchukue siku mbili hizi."

Akakunja uso. "Vehbi, tangu lini wewe unanitakia mema?"

"Tangu leo," nikasema.

Akamchukua. Akachukua na samaki.

Jumamosi, 13 Januari

Nimelala kwenye mto wangu! Peke yangu! Nimenyoosha miguu mpaka mwisho wa kitanda.

Kasoro ndogo. Kishimo kimepanuka. Sasa kina umbo la paka, na kichwa changu kinabingirika humo kama kokwa ndani ya kibuyu. Miguu nayo ilikuwa baridi. Hiyo ni theluji tu, haina uhusiano.

Mchana nikalaza sikio sakafuni nimsikilize Fahrettin. Kimya kabisa. Maskini, lazima anateseka. Nikala jibini na zeituni kwa furaha. Shingo: kulia.

Jumapili, 14 Januari

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Fahrettin aliingia mkahawani amenyoa, amevaa tai, mashavu mekundu kama ya bwana harusi. Mgongo umenyooka. Nimemjua mtu huyu miaka kumi na moja, sikuwahi kujua kwamba ni mrefu kuliko mimi.

Tukafika fainali, kama kawaida. Upande wa kulia wa ubao nilicheza vizuri sana, kila mtu amekiri. Upande wa kushoto sikuuona. Huko kumbe niliacha kete mbili pekee pekee, akazila zote. Kisha akala nyingine. Michezo mitano kwa sifuri.

Halafu akasimama. Akaomba watu wanyamaze. Akasema tangu marehemu mkewe Sevim aondoke, mwaka wa nne huu, hajawahi kulala usiku mzima. Anaamka, anawasha taa, anakaa. Juzi na jana amelala mpaka asubuhi, na kitu kinapumua karibu yake. "Ushindi huu si wangu," akasema. "Ni wa Vehbi, jirani yangu."

Mkahawa mzima ukanipigia makofi. Haijapata kutokea. Sikujua uso niupeleke wapi. Nikaupeleka kulia, sikuwa na hiari.

Perihan akarudi jioni. Hajafungua hata kitambaa cha kichwa, akaingia chumbani. Akatoka. Akauliza Duman yuko wapi. Nikasema ametoka kidogo kutembea. Akauliza, kwenye theluji? Kutoka ghorofa ya tatu?

Nikakiri. Mara ya pili wiki hii. Akanipa blanketi na kunionyesha kochi.

Jumatatu, 15 Januari

Asubuhi Perihan alishuka kwa Fahrettin. Mimi nikabaki ngazini nikisikiliza. Kwa kusikiliza, shingo yangu imekaa mahali pake hasa. Nilitegemea ugomvi. Nikasikia vijiko vikigonga bilauri. Nikasikia Perihan akicheka. Kisha Fahrettin akisema kitu kwa sauti ya chini, na jina la Sevim ndani yake.

Saa nzima baadaye akapanda, Duman kifuani. Wamekubaliana. Mchana paka atakuwa kwa Fahrettin, machweo atarudi kwetu, na mara mbili kwa wiki atalala huko huko. Mimi sikuulizwa.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nalan alipohamia Izmir nyumba hii ilinyamaza, Vehbi," akasema. "Wewe asubuhi uko kwa Hikmet. Jioni umenipa mgongo. Anayekuja nikiita ni huyu tu." Alikuwa anamkuna Duman nyuma ya sikio, hanitazami. "Ungeniuliza hata siku moja kwa nini namwachia mto."

 Nilikaa kando yake. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, naye hakuuondoa. Tulikaa hivyo mpaka chai jikoni ikapoa. Nje watoto walikuwa wanatupiana theluji. Duman akapanda kwenye mto wangu, akajikunja, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza sikumwambia kitu.

Maneno yake yameniingia. Nitayatafakari.

Jumatano, 17 Januari

Nimeyatafakari siku mbili. Sikwenda hata kwa Hikmet jana, nilikaa dirishani nikiwaza. Nyumba imenyamaza. Hakuna wa kuongea naye. Kila mmoja amepewa mgongo. Na leo asubuhi nikielekea kunyoa, ghafla nikaelewa kila kitu! Ni jambo liko wazi mchana kweupe, sijui nilikuwa kipofu namna gani.

Yule paka ana upweke!

Maskini. Ndiyo maana anang'ang'ania mto. Anatafuta mwenzake. Akimpata, watalala pamoja sebuleni, Fahrettin atazoea, Perihan ataona kwamba mumewe husikiliza anapoambiwa jambo, na mto utabaki wangu.

Hikmet ana binamu mwenye kondoo huko Sivrihisar. Binamu ana mbwa wa mifugo aliyezeeka, haendi tena malishoni. Tumekwenda kumchukua mchana huu kwa pikapu. Anaitwa Aslan. Ana ukubwa wa ndama na kichwa kama sufuria ya harusi. Alinilamba shavu la kushoto kwa nguvu hata shingo ikalia ko! na kurudi mahali pake. Dalili njema hiyo.

Perihan yuko chini, amekwenda kumchukua Duman. Atashangaa sana.

Mwenye mbwa ameniapia kwa watoto wake kwamba Aslan hajalala kitandani maisha yake yote. Hata kitanda hajui ni kitu gani. Sasa hivi ameingia chumbani, miguu imejaa theluji, nadhani anakagua tu nyumba. Nasikia chaga za kitanda zikilia.

Anakagua kwa makini sana.