Wagonjwa Wasio na Ubishi

Inatangazwa kwa fahari kwamba Kamati Kuu ya Kupima kwa Maandishi Maamuzi ya Wanafunzi wa Udaktari imeondoa kabisa ubishi katika tiba. Mwenyekiti aliitia saini taarifa hiyo, akashusha pumzi. Iwapo wanafunzi wangefeli tena mwaka huu, kiti kingemponyoka.

Kazi haikuwa lelemama. Kila swali la mtihani lilieleza mgonjwa, kisha likapelekwa kwa madaktari bingwa watatu waseme wao wangeamua nini. Hapo ndipo moto ulipowaka.

"Huyu wa tumbo apasuliwe sasa hivi," alisema wa kwanza.

"Upasue nini, na damu hujampima?" akadakia wa pili.

"Nyie wote mmeshamuua," akasema wa tatu, mama mmoja asiyejua kumung'unya maneno. "Mguseni tumbo kwanza!"

Mwenyekiti aligonga meza. Swali lisilokubaliwa na wote, alieleza kwa upole wa kiofisi, ni swali lenye utovu wa nidhamu. Likaondolewa la tumbo, la kifua likafuata, la homa ya mtoto likatoka mkuku. Walibaki wagonjwa ambao mabingwa hawakuwabishania hata kidogo, yaani watu wenye afya tele. Jibu sahihi likawa lilelile kila ukurasa: "Mzima, arudi nyumbani." Mabingwa nao walishukuriwa kwa barua na kuombwa wasirudi.

Wanafunzi walifaulu wote. Mwenyekiti akapandishwa cheo, akawa anatembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata tumbo lilimshika, upande wa kulia, chini. Mkewe alimfikisha hospitali akiwa amejikunja, anatapika. Daktari kijana alimtazama, akatabasamu bila wasiwasi wowote.

"Mzima, mzee. Rudi nyumbani."

"Mzima gani? Nakufa!"

"Mzee wangu, mimi nilipata mia kwa mia."

"Ule mtihani nimeutunga mimi!"

Kijana alisimama kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi mzee, mimi ni nani hata nikubishie?" Akamwita anayefuata.

Mwenyekiti alimng'ang'ania mkewe. Sasa hofu ilikuwa imemwingia kwelikweli.

"Mama watoto, nakuomba, nitafutie wale mabingwa. Wote watatu."

"Wale uliowafukuza kwa kubishana?"

"Haohao. Waje wabishane."